Watu mashuhuri wa Thessaloniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huu ndio mji wa wale Wathesalonike wa kwenye Biblia?

Ndio wenyewe. Wathesalonike walioandikiwa nyaraka mbili na Mtume Paulo walikuwa wakazi wa mji huu wa bandari, ulioko kaskazini mwa Ugiriki ya leo. Ulijengwa mnamo mwaka 315 kabla ya Kristo na Kassandro, mtawala wa Makedonia, akaupa jina la mkewe, Thessalonike. Bibi huyo alikuwa binti wa Mfalme Filipo wa Pili na dada wa kambo wa Aleksanda Mkuu. Kwa hiyo anayefungua orodha ya mashuhuri wa mji huu ni mwanamke, na jina lake bado liko kwenye kila tiketi ya ndege inayokwenda huko.

Wasomaji wa Biblia wanawajua wengine bila kujua kwamba wanawajua. Yasoni, yule aliyevamiwa nyumbani kwake na kuburutwa mbele ya wakubwa wa mji kwa kosa la kumkaribisha Paulo, ni wa hapa. Aristarko na Sekundo, waliosafiri na Paulo, nao ni wa hapa. Dema yeye alimwacha Paulo akakimbilia hapa.

Mbona jina la mji linabadilika kila kitabu?

Kila jamii iliyokaa humo iliuita kwa lugha yake. Wagiriki husema Thessaloniki, Waturuki Selanik, Wabulgaria na Waslavi wengine Solun. Vitabu vya zamani vya Ulaya huandika Salonika. Ukimtafuta mtu mtandaoni, jaribu majina yote. Ukiandika Thessaloniki peke yake utaletewa Wagiriki, na ukiandika Selanik utaletewa Waturuki, utadhani ni miji miwili isiyojuana.

Nani anahesabiwa kuwa mtu wa Thessaloniki?

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Waosmani, yaani dola ya Waturuki, waliutawala mji tangu 1430, Wagiriki wakauchukua 1912, na mwaka 1913 watawala wapya wakahesabu watu. Walipata wakazi karibu 158,000: Wayahudi kama 61,000, Waislamu kama 46,000, Wagiriki kama 40,000, Wabulgaria kama 6,000, na wengineo. Hakuna jamii iliyofika hata nusu. Miaka 30 baadaye Waislamu walikuwa wameondolewa, Wabulgaria karibu wote wameondoka, na Wayahudi wamepakiwa kwenye mabehewa kupelekwa kuuawa. Kwa hiyo mashuhuri wengi wa mji huu wanakumbukwa Ankara, Sofia, Tel Aviv, Paris au New York kuliko wanavyokumbukwa pale walipozaliwa, na kila taifa linaandika orodha yake likiwaruka wa wenzake.

Hapa tumewaweka wote kapu moja. Aliyezaliwa mjini anahesabiwa, awe alisali kanisani, msikitini au kwenye sinagogi, na hata kama baadaye alipigana na Wagiriki. Wachache waliotoka kwingine tumewataja pale historia ya mji inapowahitaji.

Sirili na Methodi walikuwa Wagiriki au Waslavi?

Swali hili limeharibu karamu nyingi za Balkani. Jibu salama ni hili: walikuwa ndugu wawili wa Thessaloniki, watoto wa afisa wa jeshi la Bizanti, dola ya Kikristo ya mashariki, aliyeitwa Leo, wakasomeshwa Kigiriki. Methodi alizaliwa mnamo 815, na mdogo wake, aliyebatizwa Konstantino, mnamo 826. Jina la Sirili alilichukua alipokuwa mtawa, siku kama 50 tu kabla ya kufa. Kama mama yao alikuwa Mslavi au la, wanahistoria wanavutana bado. Ila viunga vya mji vilijaa Waslavi, na watoto wa mjini walikua wakikisikia Kislavi sokoni. Masimulizi ya kale ya maisha ya Methodi yanasema kaisari aliwachagua kwa sababu hiyo hasa: watu wa Thessaloniki wote wanakisema vizuri.

Mwaka 863 wakapelekwa Moravia, eneo la Cheki na Slovakia za leo, kuhubiri. Sirili akabuni herufi za kuandikia Kislavi, zinazoitwa Kiglagoliti. Watu wengi hudhani alibuni zile herufi za Kirusi tunazoziona leo, na hilo si sahihi. Hizo zilitengenezwa baadaye Bulgaria na wafuasi wao, wakazipa jina la Sirili kwa heshima. Sirili alifariki Roma tarehe 14 Februari 869, Methodi akafuata 885.

Wakatoliki wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuijua tarehe hiyo. Kwenye kalenda ya Kanisa, 14 Februari ni sikukuu ya ndugu hawa wawili. Watu wako bize na maua ya Valentino, huku padri altareni anawaombea wabunifu wa alfabeti.

Na Mtakatifu Demetri?

Huyo ndiye msimamizi wa mji. Aliuawa kwa ajili ya imani yake mwanzoni mwa karne ya 4, na kanisa lake kubwa bado lipo katikati ya mji. Sikukuu yake ni 26 Oktoba. Jeshi la Ugiriki liliupokea mji kutoka kwa Waosmani tarehe hiyohiyo mwaka 1912, kwa kalenda ya zamani, na hadi leo wenyeji hawaoni kama ilikuwa bahati tu.

Hivi ni kweli Atatürk alizaliwa Ugiriki?

Alizaliwa Thessaloniki mwaka 1881, wakati mji uko chini ya Milki ya Osmani. Kwa hiyo alizaliwa kwenye mji ambao leo ni wa Ugiriki, lakini siku anazaliwa hapakuwa na bendera ya Kigiriki pale. Baba yake aliitwa Ali Rıza, mama yake Zübeyde. Alisoma shule ya msingi ya Şemsi Efendi, iliyofundisha kwa mtindo mpya, kisha shule ya kijeshi hapohapo mjini, akaendelea Manastir, ambayo leo inaitwa Bitola, na hatimaye Istanbul. Mji wake ulipoangukia mikononi mwa Wagiriki 1912, yeye alikuwa afisa wa miaka 31, na mama na dada yake ni miongoni mwa maelfu ya Waislamu waliofungasha virago kwenda Istanbul. Mwanzilishi wa Jamhuri ya Uturuki, kwa maneno mengine, alikuwa mwana wa wakimbizi, na mji wake wa kuzaliwa uko nje ya nchi aliyoiunda mwaka 1923.

Nyumba yake ipo, kwenye Mtaa wa Apostolou Pavlou, yaani Mtume Paulo. Manispaa iliikabidhi Uturuki miaka ya 1930, na sasa ni makumbusho ndani ya uwanja wa ubalozi mdogo wa Uturuki. Usiku wa kuamkia 6 Septemba 1955 bomu lililipuka uani. Uharibifu ulikuwa mdogo, lakini magazeti ya Istanbul yaliikuza habari, na kabla ya usiku kuingia makundi ya watu yalikuwa yanavunja maduka, nyumba na makanisa ya Wagiriki wa Istanbul. Baadaye ikabainika kuwa bomu lilitegwa na watu wa upande wa Uturuki wenyewe. Jamii ya Wagiriki wa Istanbul haikupona pigo lile, wengi walihama miaka iliyofuata.

Wayahudi walifikaje kuwa wengi kuliko wote?

Hispania iliwafukuza mwaka 1492, Sultani wa Osmani akawapokea, na sehemu kubwa wakatua hapa. Kwa karne nne walikuwa ndiyo moyo wa mji: wafumaji, wachapaji vitabu, wafanyabiashara, na pia wavuvi na wapagazi wa bandarini. Bandari ilifungwa Jumamosi, siku ya Sabato, kwa sababu bila wapagazi wa Kiyahudi hakuna mzigo ungeshuka. Mabaharia wa Kikristo na Waislamu walisubiri tu. Nyumbani na barabarani lugha ilikuwa Kiladino, yaani Kihispania cha kale walichokuja nacho.

Wa kale anayejulikana zaidi ni Shlomo Alkabetz, aliyezaliwa hapa mnamo 1500 kisha akahamia Safed, Palestina. Utenzi wake wa kuikaribisha Sabato, Lekha Dodi, bado unaimbwa kila Ijumaa jioni katika masinagogi duniani kote. Kwa hesabu ya midomo inayomwimba, huenda hakuna mtu wa Thessaloniki anayemshinda.

Wadönme ni akina nani?

Mwaka 1666 Sabbatai Zevi, rabi wa Izmir aliyejitangaza kuwa Masihi, alikamatwa na kufikishwa mbele ya Sultani, akasilimu ili aokoe roho yake. Wafuasi wengi walikata tamaa. Wachache walimfuata hadi ndani ya Uislamu, na mwaka 1683 familia kama 300 za Thessaloniki zikasilimu kwa mkupuo. Hadharani walikuwa Waislamu, nyumbani walishika taratibu zao na kuoana wao kwa wao. Ndio Wadönme.

Watu hawa wachache walitoa mashuhuri kupita idadi yao. Şemsi Efendi, mwalimu wa kwanza wa Atatürk, alikuwa mmoja wao. Mehmed Cavid Bey, aliyezaliwa hapa 1875, akawa waziri wa fedha wa Milki ya Osmani na akanyongwa Ankara 1926 kwa tuhuma za njama dhidi ya Atatürk. Msikiti wao mpya, Yeni Cami, ulichorwa na msanifu wa Kiitaliano Vitaliano Poselli na kukamilika 1902. Pembeni yake ukutani utaona nyota yenye ncha sita. Mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipokubaliana kubadilishana watu kwa kigezo cha dini, Wadönme nao walihesabiwa Waislamu wakaondolewa. Huko Uturuki wazushi wa nadharia za njama wamewaandama hadi leo, na wamejaribu kumsingizia hata Atatürk kuwa mmoja wao kwa sababu tu alizaliwa Selanik. Usiyabebe yale.

Kweli yule aliyemwambia Sultani aondoke alitoka hapa?

Ndiyo, Emmanuel Carasso, na alikuwa mmoja wa wanne. Mapinduzi ya 1908 ya Vijana wa Kituruki, kundi la maafisa na wasomi waliotaka Sultani atawale kwa katiba, yalipikwa Thessaloniki. Talat, ambaye baadaye akawa waziri mkuu, alikuwa karani wa posta mjini akipanga njama huku anagawa barua. Aprili 1909 Bunge lilimvua madaraka Sultani Abdülhamid wa Pili, likatuma wajumbe wanne kumpa taarifa. Miongoni mwao kulikuwa na Mwalbania Esad Pasha Toptani, Mwarmenia Aram Efendi, na Emmanuel Carasso, wakili Myahudi wa Thessaloniki. Kisha Sultani akapakiwa kwenye treni usiku na kupelekwa uhamishoni. Wapi? Thessaloniki, katika jumba la Allatini, lililojengwa na familia ya Kiyahudi ya wasaga unga. Alikaa humo hadi 1912, Wagiriki walipokaribia akarudishwa Istanbul haraka haraka.

Danone ina uhusiano gani na mji huu?

Mkubwa. Isaac Carasso, aliyezaliwa Thessaloniki 1874 katika ukoo huohuo wa Carasso, alihamia Barcelona na familia yake baada ya Vita vya Balkani. Barcelona aliona watoto wengi wanaugua matumbo. Alikotoka, mtindi ni chakula cha kila siku, ila Hispania haukujulikana. Akaagiza bakteria wa kugandisha maziwa kutoka Taasisi ya Pasteur, Paris, na mwaka 1919 akaanza kutengeneza. Mwanzoni mtindi wake uliuzwa kwenye maduka ya dawa. Jina alilitoa kwa mwanawe Daniel, aliyekuwa akiitwa Danon kwa kumdekeza. Daniel, naye mzaliwa wa Thessaloniki wa 1905, alifungua Danone ya Ufaransa 1929, akakimbilia Marekani wakati wa vita, na akafariki Paris 2009 akiwa na miaka 103. Kama angetaka kuwa tangazo la mtindi, hangehitaji kusema neno.

Kwa msomaji wa Kenya: mwaka 2014 kampuni hiyo ilinunua hisa asilimia 40 za kampuni ya maziwa ya Brookside.

Waandishi je?

Nâzım Hikmet kwanza. Mshairi mkubwa wa Kituruki wa karne ya 20 alizaliwa hapa Januari 1902, katika familia ya maafisa wa serikali. Ukichimba ukoo wake unakutana na Mpolandi aliyesilimu akawa pasha. Alileta ushairi huru katika Kituruki, akawa mkomunisti, na mwaka 1938 akahukumiwa miaka 28 kwa sababu wanafunzi wa jeshi walikutwa na mashairi yake. Alitoka 1950, mwaka uliofuata akatoroka nchi, serikali ikamvua uraia. Alifariki Moscow 1963. Uraia ulirudishwa 2009, miaka 46 baada ya kuzikwa.

Sabiha Sertel hajulikani kiasi hicho, na hilo si haki. Alizaliwa hapa 1895 katika familia ya Kidönme, akasomea New York, na akawa mmoja wa wanawake wa kwanza Uturuki kuishi kwa kalamu ya uandishi wa habari. Yeye na mumewe waliendesha gazeti la Tan. Tarehe 4 Desemba 1945 kundi la watu lilivamia ofisi, likavunja mitambo ya kuchapia na kutupa karatasi barabarani, polisi wakitazama. Mke na mume wakashtakiwa wao. Walihama nchi 1950, na Sabiha akafia Baku 1968. Ukipenda mashairi anza na Hikmet. Ukipenda kujua gazeti linavyozimwa, soma habari za Sertel.

Mbona wanawake ni wachache?

Kwa sababu walioandika orodha za zamani walikuwa wanaume. Mbali na Thessalonike mwenyewe na Sabiha Sertel, yupo Roza Eskenazi, Myahudi aliyezaliwa Istanbul na kukulia hapa. Aliimba kwa Kigiriki, Kituruki, Kiladino na Kiarmenia, na miaka ya 1930 hakuna sauti ya kike iliyouza santuri za rebetiko kama yake. Rebetiko ni muziki wa vilabu vya bandarini na wa wakimbizi. Ukiwa mpenzi wa taarab, msikilize: utaikuta udi na kanuni nyuma yake na hutajisikia mgeni.

Wabulgaria na Wamakedonia wanamdai nani?

Goce Delčev, ingawa hakuzaliwa mjini. Alizaliwa Kukuš, mji wa jirani unaoitwa leo Kilkis, mwaka 1872, akasoma sekondari ya Kibulgaria ya Solun. Chama cha siri cha kupigania uhuru wa Makedonia, alichokuja kukiongoza, kilianzishwa Solun 1893. Waosmani walimuua 1903. Bulgaria inasema alikuwa Mbulgaria, Makedonia Kaskazini inasema alikuwa Mmakedonia, na mabaki yake yalitolewa Sofia kupelekwa Skopje mwaka 1946. Mzozo juu ya watu kama yeye ulikuwa mmoja wa sababu za Bulgaria kuizuia Makedonia Kaskazini kuanza mazungumzo ya kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Marehemu wa zaidi ya karne moja akazuia mipango ya walio hai.

Kuna mtu aliyewahi kuziunganisha jamii hizi?

Avraam Benaroya alijaribu. Alikuwa Myahudi kutoka Vidin, Bulgaria, mwalimu na mpiga chapa, akaja mjini baada ya mapinduzi ya 1908. Mwaka 1909 alianzisha Shirikisho la Kisoshalisti la Wafanyakazi. Gazeti lake lilianza kwa lugha nne: Kiladino, Kituruki, Kibulgaria na Kigiriki. Wazo lilikuwa jepesi: kwenye ghala la tumbaku vumbi humwingia kila mtu mapafuni bila kumuuliza dini. Waliomfuata kwa wingi walikuwa Wayahudi, wakifuatiwa na Wabulgaria. Wagiriki na Waturuki walikuja kidogo kidogo. Utawala wa Osmani ulimfunga, Wagiriki nao wakamfukuza mjini. Mwaka 1918 alishiriki kuanzisha chama ambacho kilikuja kuwa Chama cha Kikomunisti cha Ugiriki, halafu chama hicho kikamtema. Alifia Israeli 1979.

Nini kilitokea 1943?

Wajerumani waliingia Aprili 1941. Julai 1942 waliwakusanya wanaume wa Kiyahudi wapatao 9,000 katika Uwanja wa Eleftherias, maana yake Uhuru, wakawasimamisha juani kwa saa nyingi na kuwalazimisha kufanya mazoezi ya kudhalilisha. Desemba mwaka huo makaburi ya Kiyahudi, yenye mamia ya maelfu ya maiti, yalivunjwa. Mawe yake yalienda kujengea: kuta, njia, nyua za makanisa. Treni ya kwanza iliondoka 15 Machi 1943. Kufikia Agosti, watu kama 46,000 walikuwa wamepelekwa, karibu wote Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, na wengi waliuawa kwa gesi siku walipofika. Wauza vitabu, waimbaji, watoto wa shule. Orodha yoyote ya mashuhuri wa mji huu ina tundu hapo.

Aliyenusurika anayetajwa sana ni Salamo Arouch, bondia, mtoto wa mpagazi wa bandari. Auschwitz walinzi walimpiganisha na wafungwa wenzake, mapambano zaidi ya 200 kwa masimulizi yake mwenyewe, wao wakiweka dau. Aliyeshindwa alidhoofu na kupelekwa kwenye gesi. Arouch alihamia Israeli na kufariki 2009.

Ni kweli bosi wa Pfizer ni mtoto wa manusura?

Kweli. Albert Bourla alizaliwa Thessaloniki 1961, akasomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Aristotle hapohapo mjini, akajiunga na Pfizer 1993 na kuwa mkurugenzi mtendaji 2019, mwaka mmoja kabla ya korona. Wazazi wake wote wawili walinusurika. Amesimulia hadharani kwamba mama yake alishapangwa ukutani kupigwa risasi, ndipo pikipiki ikafika na amri ya kumwachia. Shemeji wa mama huyo, Mkristo, alikuwa amemhonga Max Merten, ofisa wa Kijerumani aliyesimamia mji. Katika kila dozi ya Pfizer iliyochomwa Nairobi au Kigali kuna hongo ile.

Na chuo alichosomea Bourla kimejengwa juu ya yale makaburi yaliyovunjwa. Mnara wa kumbukumbu uliwekwa hapo 2014 tu, wakati wa meya Yiannis Boutaris, mtengeneza mvinyo mwenye asili ya Kivlaki, jamii ndogo ya Balkani, ambaye mwaka huohuo alikula kiapo kifuani akiwa na nyota ya njano kumpinga diwani wa chama cha kinazi.

Na Sarkozy?

Rais wa zamani wa Ufaransa ni mjukuu wa mji. Babu yake mzaa mama, Dkt. Benedict Mallah, alizaliwa hapa katika familia ya Kiyahudi, akaenda Ufaransa akiwa kijana.

Wanamichezo?

Tuanze na klabu. PAOK, mnayoiona kwenye mashindano ya Ulaya, ilianzishwa 1926 na Wagiriki waliotoka Istanbul, na herufi ya mwisho ya jina lake ni ya Konstantinopoli, jina la kale la Istanbul. Wakimbizi wa mabadilishano ya 1923 ndio walioijaza.

Kati ya wazaliwa, Traianos Dellas aliifungia Ugiriki goli la nusu fainali dhidi ya Cheki, Euro 2004. Ila kwa Waafrika mwenye uzito ni Dimitris Salpingidis. Tarehe 17 Juni 2010, Bloemfontein, Nigeria inaongoza kwa goli la Kalu Uche. Sani Kaita anampiga mtu teke bila sababu, kadi nyekundu. Dakika ya 44 Salpingidis anapiga, mpira unamgonga mchezaji wa Nigeria na kuingia. Lilikuwa goli la kwanza la Ugiriki katika historia ya Kombe la Dunia. Nigeria wakalala 2-1, na sisi tuliokuwa tumevaa kijani siku ile bado tuna neno na Kaita.

Mbona Nikos Galis hayumo?

Alizaliwa Marekani, New Jersey, 1957, ndiyo maana. Lakini mcheza kikapu huyu alikuja klabu ya Aris ya Thessaloniki 1979, akakaa hadi 1992, akaipa Ugiriki ubingwa wa Ulaya wa mpira wa kikapu 1987, na ukumbi aliochezea unaitwa kwa jina lake. Alhamisi jioni za Kombe la Ulaya, Aris ikicheza, majumba ya sinema yalibaki matupu. Kanuni yetu ni ya mahali pa kuzaliwa na hatuibadilishi. Ila ukiwa mjini usimwambie shabiki wa Aris kwamba Galis ni mgeni, labda kama huna mpango wa kulala.